Jibu: Neno la Kiingereza crane ni ndege au mashine?

Ndugu, ndege ndiye wa kwanza, korongo. Mashine ilirithi jina. Pita bandarini Mtwara msimu wa korosho uione kreni ikinyoosha shingo, inashusha ndoano, inaibuka na kontena. Korongo mtupu! Wagiriki wa kale nao waliita vyote viwili geranos, na Wafaransa husema grue. Kama kitenzi, to crane ni kunyoosha shingo, vile tunavyochungulia basi la Masasi pale stendi.

Ila utamu uko kwenye neno jingine la Kiingereza, pedigree, yaani nasaba: limetoka Kifaransa cha zamani, "mguu wa korongo", maana mistari ya ukoo ilichorwa ikichanuka kama unyayo wake.