Fonotipia: kwa nini santuri inaimba juu mno
Uliyeuliza kwa nini Bonci, mwimbaji wa opera wa sauti ya tenor, anasikika kama mtoto kwenye santuri ya Fonotipia: tatizo ni mwendo. Kampuni hiyo ilianzishwa Milan mwaka 1904, na nyingi ya santuri zake hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kwa dakika. Iliyorekodiwa kwa 73.5 ukiipiga kwa 78, sauti hupanda nusu toni. Tafuta noti za wimbo, linganisha na piano, punguza mwendo kidogo kidogo. Ila waimbaji wa enzi ile walipenda kushusha wimbo, yaani kuuimba chini kuliko ulivyoandikwa, kwa hiyo noti peke yake hazitoshi. Sikiliza irabu zikae kibinadamu. Tazama pia karibu na lebo: mara nyingi tarehe ya kurekodi imechorwa hapo, hazina kubwa hiyo! Usisafishe kwa spiriti, inayeyusha shelaki, utomvu ambao santuri hizo zimetengenezwa nao.