Bando likiisha, pampu haizimiki

SWALI: Nimefunga swichi ya Wi-Fi ya amperi 10 kwenye pampu ya kisima. Juzi bando la ruta liliisha pampu ikisukuma, simu ikawa haiioni swichi, tangi likafurika. Umeme nao ukikatika na kurudi, pampu hujiwasha. Nifanyeje? – Msomaji, Kibaha

JIBU: Siku hiyo ungebonyeza kitufe cha swichi yenyewe, mara moja na kukiachia. Ukikishikilia sekunde tano, swichi nyingi huanza kupepesa taa zikitaka kuunganishwa upya.

Simu haikusikika kwa sababu amri huenda kwanza kwenye seva (kompyuta ya mbali) ya mtengenezaji, kisha hurudi kupitia ruta yako, hata ukiwa umesimama kando ya pampu. Programu kadhaa zinaweza kuituma humohumo ndani ya nyumba, mradi uwashe mpangilio huo na simu iwe kwenye Wi-Fi ileile. Wengi hunaswa hapa: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, huhamia data kimyakimya. Zima data, jiunge tena na Wi-Fi, na ikikuuliza kama ubaki hivyo hivyo, kubali.

Kujiwasha kunatibika kwenye mipangilio: chagua swichi ibaki imezimwa umeme unaporudi. Friji iwekee kinyume chake.

Kisha weka muda wa kujizima. Tangi la lita 1,000 na pampu ya lita 30 kwa dakika ni kama dakika 33, basi weka 33. Muda huo uwe unahifadhiwa ndani ya swichi, si kwenye seva. Kuhakikisha, weka dakika moja, washa pampu, chomoa ruta, usubiri.

Hata hivyo, tangi lililo nusu litafurika kabla ya dakika hizo, kwa hiyo floti (swichi inayoelea tangini na kukata umeme maji yakijaa) haikwepeki. Nyingi zina nyaya tatu. Tumia jozi inayopitisha umeme floti inaponing'inia. Ukikosea jozi, pampu itasukuma tangi likiwa limejaa tu! Na mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, hivyo swichi ndogo huungua na kugandana ndani: unasikia “tik”, pampu inaendelea. Fundi umeme afunge kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku inayobeba mkondo wa mota. Swichi na floti, zikiwa zimeungwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja, ziendeshe koili yake (sumaku inayoivuta) tu.

SWALI: Nimebadilisha ruta, taa zote 14 za Wi-Fi zimepotea kwenye simu. Niziunganishe moja moja?

JIBU: La. Ipe ruta mpya jina na nywila zilezile za zamani, herufi kubwa na ndogo zikifanana, uwashe masafa ya 2.4 GHz na ulinzi wa WPA2. Zima taa ukutani, washa, subiri dakika mbili.