Majahazi ya kuni ya Stockholm

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anayeishi Stockholm, Uswidi, amenitumia picha ya vyombo vya mbao vya zamani vilivyofungwa gatini, mbele ya majumba ya kifahari ya barabara iitwayo Strandvägen. Ananiambia kwamba vyombo vya namna hiyo vilikuwa vikileta kuni mjini kutoka visiwani. Je, ni kweli? Kama nchi ile ina misitu kila upande, kwa nini kuni zisitoke bara? Na ziliuzwa kwa kipimo gani?
Msomaji wenu, Tanga

JIBU: Mdogo wako amekueleza sawa, ingawa katika vyombo vinavyoonekana hapo leo vimo pia vilivyobeba mchanga na shehena nyingine. Misitu ya bara ilikuwapo, lakini kuni ni mzigo mzito wenye bei ndogo, na farasi anayezivuta kwa siku kadhaa hula njiani faida yote ya mwenye mali. Chombo cha tanga hakili kitu. Stockholm umejengwa pale ambapo Ziwa Mälaren linamwaga maji yake katika Bahari ya Baltiki, na mbele yake vimetawanyika visiwa vipatavyo 30,000, ukihesabu hata vile ambavyo ni miamba mitupu. Kwa mwenye shamba aliyeishi huko, au katika pwani ya Roslagen iliyo kaskazini ya mji, njia nyepesi ya kufika sokoni ilikuwa maji.

Walioendesha biashara hii hawakuwa matajiri wa mjini, bali wakulima waliokuwa pia wavuvi na mabaharia. Miti waliikata wakati wa baridi, kazi za shamba zikiwa zimesimama, kisha farasi wakaiburuta juu ya theluji hadi ufukweni. Bahari ilikuwa imeganda, kwa hiyo kuni zilingoja hapo mpaka barafu iyeyuke, kama vile majahazi yetu yalivyongoja pepo zigeuke. Chombo chenyewe, ambacho Waswidi hukiita skuta, mara nyingi kiliundwa kijijini, na majirani kadhaa wakawa na hisa ndani yake, hivyo hasara ya safari moja haikumwangukia mtu mmoja. Ngama ikijaa, kuni zilipangwa juu ya sitaha hadi tanga likalazimika kupandishwa ili lisigonge shehena.

Wenyeji wa visiwa vya Åland, vilivyo baharini kati ya Uswidi na Ufini, nao walileta kuni, pamoja na samaki. Mwaka 1809 Uswidi ilishindwa vitani na visiwa hivyo, pamoja na Ufini, vikawa chini ya Urusi, lakini mpaka mpya haukuwaondolea soko lao la zamani: Stockholm uko karibu nao zaidi kuliko Helsinki, mji mkuu wa Ufini, na lugha yao ni Kiswidi.

Kuhusu kipimo, kuni ziliuzwa kwa famn, na neno hilo ni lile lile letu la pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao kwa Waswidi ulihesabiwa kuwa karibu meta 1.78. Katika kuni, hata hivyo, famn halikuwa urefu bali tita zima lililopangwa kwa upana na kimo maalumu. Yeyote aliyewahi kununua kuni kwa fungu anajua udhaifu wa kipimo hicho, kwa kuwa magogo yaliyopinda yakipangwa kwa ulegevu, mnunuzi hulipia hewa.

Mahitaji ya mji yalikuwa makubwa kiasi cha kuitia wasiwasi serikali yenyewe. Katika karne ya 18 hofu ya kuishiwa na kuni ilisababisha msanifu majengo Carl Johan Cronstedt na Jenerali Fabian Wrede wapewe kazi ya kutafuta jiko bora la kupashia nyumba joto, na mwaka 1767 wakatoa muundo wa jiko la vigae ambalo moshi wake huzunguka katika njia ndefu za ndani kabla ya kutoka, ukiacha joto katika matofali kwa saa nyingi.

Watu wengi hudhani kwamba makaa ya mawe yaliimaliza biashara hii mara moja. Yaliipunguza tu. Ujerumani ilipozivamia Denmark na Norwei mwezi Aprili 1940, njia ya Uswidi kuelekea magharibi ilifungwa, makaa yakaadimika, na matita ya kuni yakarundikwa tena katika mitaa na magati ya Stockholm. Wakati huo vyombo vingi vilikuwa vimekwisha kutiwa injini, na baada ya vita malori na mafuta ya kupashia nyumba joto yakachukua kazi iliyobaki. Ukiitazama tena picha yako, angalia milingoti: chombo kilipotiwa injini, mara nyingi mlingoti ulifupishwa au kuondolewa, kwa hiyo baadhi ya ile mirefu unayoiona huenda imesimamishwa upya na wenye vyombo wa siku hizi.