Keshia Akihamishiwa Mkoani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni keshia wa benki hapa Dar es Salaam, mshahara wangu 800,000. Nahamishiwa Sumbawanga. Je, makato yatapungua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayatapungua. Makato ya Tanzania Bara hayaangalii mkoa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 80,000. Kodi inapigwa kwenye 720,000 zinazobaki, nayo ni 60,000. Unabaki na 660,000, uwe Kariakoo au Sumbawanga. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, toa asilimia 15 ya mshahara, 120,000 nyingine.

Kinachoweza kubadilika ni posho, na hapo ndipo vijana wetu wananyamaza, jambo linaloniuma sana! Ulizia posho ya nyumba, ya kushika fedha, na gharama za kusafirisha familia na mizigo. Yaandikwe kwenye barua ya uhamisho kabla hujakata tiketi.