Bodi ya Land Rover ya mzee juu ya chesisi ya Hilux: nini kikatwe, nini kiachwe?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kakamega. Marehemu baba alituachia Land Rover Series III, pikapu ya 109, ya 1976. Bodi bado nzuri, ila chesisi imeliwa na kutu hadi kidole kinapenya. Nimepata Hilux 4x4 ya 2009, dizeli ya D-4D 2.5, iliyobingirika, kabini imebondeka lakini injini inawaka. Fundi wa hapa anasema atakata chesisi ya Hilux inchi 12 na nusu, apandishe bodi ya baba, na kwa wiki mbili gari litakuwa barabarani. Nataka libebe mbolea na mahindi, na sura ya gari la mzee isipotee. Nimruhusu akate?

JIBU: Pole kwa kumpoteza mzee, ndugu yangu. Usimruhusu bado. Fundi wako hajakosea hesabu: Series III ya 109, yaani inchi 109, ina milimita 2,769 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, na Hilux ya miaka hiyo ina 3,085. Tofauti ni milimita 316, ndizo hizo inchi 12 na nusu. Ninachokataa ni kuanza na msumeno kwenye chesisi. Mwenye kuubeba mzigo na kuwabeba ninyi ni chesisi, na kiwanda kiliiunda ikiwa nzima. Bodi ndiyo isogezwe.

Hata hivyo, kabla ya kufika huko, kuna jambo hukuniuliza. Hilux hiyo ilibingirika. Je, chesisi yake imenyooka? Kabini iliyobondeka kila mtu anaiona, lakini chesisi huweza kujipinda kama nguo inayokamuliwa na jicho lisitambue kitu. Nimeletewa gari hapa Nakuru ambalo mwenyewe alikuwa ameshalinunulia matairi mapya manne, na upande mmoja wa chesisi ulikuwa umepanda milimita 14. Matairi hayo yangeliwa upande mmoja hadi yaishe, na hakuna bodi ambayo ingekaa juu yake milango ikafunga.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, iinue chesisi juu ya stendi nne. Chagua matundu ya kiwandani yanayolingana kushoto na kulia: jozi moja mbele, nyingine chini ya kabini, nyingine nyuma. Teremsha timazi kutoka kila tundu, piga alama ya chaki sakafuni, kisha pima mshazari kwa mshazari kati ya jozi na jozi. Mishazari miwili ya sehemu moja ikipishana zaidi ya milimita 3 au 4, simamisha kazi na umtafute mtu mwenye mashine ya kunyoosha. Baada ya hapo chukua ule mpira mwangavu wa maji wanaotumia waashi kusawazisha msingi, ulinganishe kimo cha matundu hayo hayo pande zote mbili. Mshazari hukuambia kama chesisi imekuwa msambamba. Maji hukuambia kama imejikamua. Unahitaji majibu yote mawili.

Ikipita hapo, turudi kwenye zile milimita 316. Bahati yako ni kwamba pikapu ya Land Rover haikuundwa kipande kimoja. Vipande vyake vimefungwa kwa bolti, ingawa mgongo wa chini wa kabini na nguzo za kufungia milango ni sehemu ya sanduku, kwa hiyo hivyo utaviunda upya kwa ajili ya kabini. Basi kaa na kabini kwanza, uiweke pale ambapo gurudumu la mbele linaingia katikati ya uwazi wa bawa lake. Kisha sukuma sanduku nyuma hadi gurudumu la nyuma liingie katikati ya uwazi wake. Nafasi itakayobaki kati ya mgongo wa kabini na sanduku ni karibu milimita 316, na tairi la akiba la Hilux lina upana wa milimita 250 hivi. Linasimama humo wima, na ubavuni unapata mahali pa jeki na kamba. Nafasi hiyo itengenezee ukuta wa alumini wenye mikunjo inayofanana na ya sanduku, uupake rangi ile ile. Mtu asiyejua Land Rover hatagundua. Anayejua ataona kazi iliyofikiriwa. Ila kitu kimoja ukizingatie: ukuta huo ufungwe kwenye sanduku peke yake, usigusane na kabini. Chesisi hujinyonga kila gurudumu moja linapoingia shimoni, na kabini na sanduku lazima viweze kupishana kidogo. Ukiviunganisha, alumini itapasuka kwenye kona.

Mkia wa chesisi ya Hilux utazidi sanduku la Land Rover. Hapo ndipo msumeno unaruhusiwa, nyuma kabisa, baada ya vishikilio vya springi, ukifunga ncha kwa mhimili mpya wa kukingama. Kipande hicho hakibebi uzito wa kati ya magurudumu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Miaka mingi nyuma nilifupisha chesisi ya pikapu ya mteja. Nilikata wima, nikachomelea vizuri, nikabandika mabamba ya nguvu ndani na nje, yote yakiishia kwa ncha za mraba. Miezi saba baadaye gari lilirudi kwa kuvutwa kutoka barabara ya Njoro, likiwa na gunia za viazi. Mahali nilipochomelea palikuwa pazima. Ufa ulianzia sentimita mbili kando, pale bamba lilipoishia, kwa sababu chuma kigumu kilikuwa kinakutana na chuma laini kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini nilitengeneza upya kwa gharama yangu. Ukilazimika kufupisha, mkato uwe wa mshazari au wa ngazi, mbali na vishikilio vya springi na vya gia boksi. Mabamba yawe na ncha zilizochongoka kwa umbo la almasi, si za mraba. Kingo za juu na za chini za chesisi zisichomelewe kwa kukingama. Na anayechomelea awe mtu unayejua kazi zake za trela, atumie MIG, ile mashine ya waya na gesi, au vijiti vya kuchomelea vya E7018 vilivyokauka. Hapo bado utakuwa na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ya kufupisha na kusawazisha upya, mabomba ya breki na ya mafuta, na nyaya za handibreki. Wiki mbili hazitoshi.

Sasa mbele ya gari, ambako ndiko kuna kazi kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Land Rover ya Series ina ekseli karibu na pua. Mbele ya magurudumu kuna bampa na basi. Hilux ina pembe ndefu za chesisi mbele ya ekseli, na radieta yake inakaa huko. Ukiyaweka magurudumu katikati ya mabawa, pembe zitatokeza na radieta itataka kupita kwenye grili. Usianze kukata bati. Weka injini, radieta na feni mahali pake, uilete grili ya Land Rover kwa mikono ya watu wawili, utie alama. Mara nyingi suluhisho ni kuisogeza grili mbele kidogo pamoja na boneti, au kutafuta radieta nyembamba zaidi kwa upana lakini nene zaidi. Usikubali radieta ndogo tu kwa sababu inaingia.

Upana nao una shida yake. Kati ya matairi ya Series kuna karibu mita 1.3, na ya Hilux ni karibu mita 1 na nusu. Bodi ya Series ina upana wa mita 1.68. Piga hesabu na upana wa tairi: matairi yatatokeza nje milimita 40 hadi 60 kila upande, yakirusha matope ya Kakamega hadi kwenye vioo. Land Rover wenyewe walikutana na jambo hili mwaka 1983 walipotoa One Ten yenye springi za koili na ekseli pana zaidi, wakabandika kope za plastiki juu ya magurudumu bila kuiunda bodi upya. Fanya walichofanya. Kope za Defender, jina ambalo One Ten ilipewa baadaye, zinapatikana, na zinafanana na ukoo wa gari hilo.

Kuhusu vishikilio vya bodi: vya Hilux haviko mahali pa Land Rover, kwa hiyo utaunda mikono mipya ya chuma cha milimita 5 kutoka ubavuni mwa chesisi, kila mmoja na pembetatu ya kuutegemeza chini. Minne chini ya kabini, minne chini ya sanduku. Tumia raba za kabini za Hilux zenyewe pamoja na bomba lake la ndani, ili bolti ikikazwa isiibane raba hadi ife. Fanya kazi hii gari likiwa limesimama kwa matairi yake, injini na gia boksi zikiwa ndani. Ukipanga milango chesisi ikiwa kwenye stendi, siku ukiishusha itashuka kwa njia yake na mianya yote itabadilika.

Alumini ya bodi ikigusa chuma kitupu, na mvua ya Magharibi ikiwepo, utaona unga mweupe ndani ya msimu mmoja. Alumini ndiyo inayoliwa. Kila mguso uwe na raba, rangi au silikoni katikati. Pia usitegemee bodi kurudisha umeme. Vuta waya wa arthi kutoka kila taa hadi kwenye chesisi. Na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, mafundi wanaita fayawoli, uuchunguze kwa nyundo ndogo chini kwenye miguu yake na kwenye nguzo za milango. Watu husema bodi ya Land Rover haiozi, lakini ukuta huo si alumini, na ndio unaobeba usukani, pedali na bawaba za milango.

Usukani na breki vitoke kwenye Hilux vyote: safu ya usukani, kiungo chake cha kati, pedali, busta na silinda kuu. Fayawoli ya Land Rover ni bati jembamba kwa busta ya Hilux. Iongezee bamba la milimita 4 upande wa ndani, la sivyo ukikanyaga kwa nguvu bati litacheza na breki itahisi laini. Viungo vya msalaba kwenye shafti ya usukani visizidi nyuzi 30, na nira zake, yaani zile uma za ncha mbili za shafti, zielekeane sawa. Kama shafti ni fupi, tafuta ndefu ya kiwandani au ipelekwe kwa mtu wa leth, mashine ya kuchonga chuma, aliyezoea usukani. Kipande cha bomba kilichochomelewa barazani hakiingii kwenye gari ambalo mtoto wako atapanda. Mikanda ya usalama ifungwe kwenye chuma kilichounganishwa na vishikilio, kamwe si kwenye bati la kiti, na bolti ziwe zile zake za 7/16.

Umeme usikukoseshe usingizi ikiwa hutakata kitu. Injini ya D-4D haina waya wa akselereta. Pedali yenyewe ni kihisi. Chukua pedali, kompyuta, swichi ya funguo na funguo zenyewe kutoka gari lile lile, pamoja na fundo zima la nyaya, uufiche urefu uliozidi nyuma ya dashibodi. Kabla ya kuchomelea chochote, toa betri na uchomoe kompyuta. Plagi moja iliyosahauliwa inaweza kuiua.

Lililobaki ni zito kwa moyo, nalo ulijue kabla ya kutoa pesa. Kisheria gari hutambulika kwa namba ya chesisi. Ya Hilux imepigwa kwenye ubavu wa kulia wa chesisi, karibu na gurudumu la mbele, na hiyo ndiyo itakayokaguliwa. Kwa hiyo gari litabaki Hilux iliyobadilishwa bodi: unahamisha umiliki kutoka kwa aliyekuuzia, unaripoti mabadiliko kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari linakaguliwa na logbuku inarekebishwa, na kampuni yako ya bima inaambiwa ukweli. Namba ya gari la baba haihami. Atakayekuambia asage namba moja apige nyingine anakupeleka jela. Kama mlipenda namba hiyo kuliko gari lenyewe, basi njia yako ni nyingine: kuitengeneza chesisi ya zamani kipande kwa kipande, mikono ya pembeni na mhimili wa nyuma ambako huoza kwanza, au kuagiza mpya kutoka Uingereza, ambako karakana kadhaa bado zinaunda chesisi za Series na kuzizamisha kwenye zinki. Keti na ndugu zako mliamue hilo pamoja.

Mkiamua Hilux, ikikamilika ijaribuni bila mzigo kwa kilomita 200, mkaze bolti zote za bodi, ndipo muweke nusu ya mzigo. Iteremsheni kwenye mteremko wa Riat kushuka Mamboleo, huko Kisumu, kwa gia ya pili, mkisikiliza breki, kisha mrudi kupanda mkitazama kipimo cha joto. Valvu ya breki ya nyuma inayofuata uzito, ile yenye fimbo juu ya ekseli, iwe imerekebishwa kwanza, maana sanduku la alumini ni jepesi na magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama yakateleza kwenye lami yenye maji.

Niandikie vipimo vya mishazari na vya mpira wa maji utakapovipata. Mpaka hapo, msumeno ukae kabatini.