Muulize Anti: chupa inacheza kama kayamba

Meseji ni mob wiki hii na karibu zote, ukizisoma vizuri, zinauliza kitu kimoja: nani ataniona. Nimechukua tano, majina nimetoa.

Anti, tunaishi singo-rumu huku Pipeline, mume wangu hajui niko kwa dawa za HIV. Chupa nikiifungua inacheza kama kayamba. Nikamwagia tembe kwa nailoni lakini naona zinaanza kulainika. Nifanyeje?

Kayamba, wueh. Nimecheka kwa sababu chupa yangu pia ilikuwa hivyo hivyo, nilikuwa nangoja jirani awashe redio ndio nitoe moja. Mamangu, nailoni hapana. Hizo dawa adui yake ni unyevu, na singo-rumu unapikia ugali humo, nguo za mtoto zimeanikwa humo, mvuke kila mahali. Rudisha zilizo nzima kwa chupa yake, zenye zimelainika zipeleke kliniki wakubadilishie, kale kapakiti kadogo ka ndani usikatupe, halafu shindilia pamba juu mpaka zikose nafasi ya kucheza. Lebo wengi hubandua, sawa, lakini andika mahali tarehe ya kuexpaya.

Sasa mzee. Sitakwambia umwambie leo, nimeona dada akitupiwa godoro nje saa sita usiku. Kulikuwa na kifungu cha 24 kwa ile sheria ya HIV ya 2006, kilikuwa kinakulazimisha useme, usiposema ni jela, na Mahakama Kuu ikakitupa 2015. Lakini na yeye anafaa kupimwa, hapo sikufichi. Anza na vairo lodi yako, yaani kiasi cha virusi kwa damu, uliza kliniki ya mwisho ilisema nini, kwa sababu ukimeza kila siku na virusi vikae bila kuonekana kwa kipimo, humwambukizi kwa ngono, na hiyo si maneno ya kukubembeleza, imefanyiwa utafiti na wapenzi maelfu. Ukishajua hiyo namba, ongea na mshauri awapime pamoja, matokeo yatoke mkiwa wawili na mtu wa tatu yuko hapo. Kama mzee ni mtu wa mkono, hiyo plani wacha kwanza, piga 1195, laini ya wanaodhulumiwa, ni bure.

Anti niko kampasi, kondomu ilipasuka Ijumaa usiku na mubaba anayenilipia karo. Jumamosi asubuhi nilimeza P2, si niko sawa?

Huyu nilimjibu inboksi siku ile ile, hapa naandikia wenzake. P2 ni ya mimba tu, msichana wangu. Nyinyi mnaogopa mimba kuliko HIV, najua ni kwa nini, tumbo linaonekana. Ya HIV inaitwa PEP, unaianza ndani ya masaa 72, na kuwahi ndio muhimu, usingoje ya mwisho ifike, halafu unameza siku 28 bila kuruka. Usizunguke chemisti ukiitafuta, nenda hospitali, hata kejualiti usiku. Na kama ulilazimishwa, usioge kwanza, nguo weka kwa mfuko wa karatasi, nenda hivyo hivyo ulivyo.

Kama huyo mubaba bado yupo kwa picha (sikuhukumu, karo ni karo), uliza PrEP, Kenya tumekuwa nayo tangu 2017, unameza ukiwa bado huna virusi. Shida yake chupa inafanana na ya ARV, dawa za wenye virusi, rumeti akiiona anaanza kueneza story.

Nina mimba ya miezi tano, kliniki wamenipa za kuongeza damu, na za HIV pia nameza. Nizimeze pamoja? Na nitanyonyesha kweli?

Swali zuri sana na wengi hawaulizi. Dolutegravir, dawa iliyo ndani ya tembe za HIV, na ayoni, hizo za kuongeza damu, hazipatani tumboni kama hujakula, ayoni inaizuia isiingie vizuri. Ukishakula unaweza kumeza zote pamoja. Kama tumbo ni tupu, anza na dolutegravir, ayoni ifuate baada ya masaa mawili. Kunyonyesha ndio, maziwa yako pekee miezi sita, wewe kwa dawa na mtoto kwa dawa yake ya maji, na wiki ya sita umlete apimwe.

Nimepata kazi ya nyumba Kilimani, mama anataka nipimwe HIV ndio aniandike. Ni haki?

La. Sheria hiyo hiyo ya 2006 inakataza, na iliunda traibunali ya kusikiza kesi za HIV tu. Najua kazi unaihitaji. Lakini anayeanza na damu yako ataendelea na simu yako.

Kasenta ketu ka wasichana kalifungwa 2025 pesa za Marekani zilipokatwa. Sasa dawa ni foleni ya kila mtu, na karani ni rafiki ya mama mkwe. Nimekosa kwenda mara mbili.

Karani akifungua mdomo amevunja sheria, lakini kesi haikurudishii siri, kwa hivyo hama kliniki. Leo rudi uchukue dawa kwanza, useme ukweli umekosa siku ngapi, halafu omba barua ya transfa. Usitoroke kimya kimya, huko uendako watakosa historia yako. Vairo lodi ikitulia uliza kama wanaweza kukupatia za miezi sita, hapo unaonekana mara mbili tu kwa mwaka. Mimi nachukulia mbali, matatu mbili, na sukuma mkononi, mtu akiuliza nimetoka Marikiti.