Re: Injini ya Vanguard kwenye Ferguson TEA20

Mkuu, umeuliza kama injini ya gari la Standard Vanguard itaingia kwenye trekta yako ya Ferguson TEA20 iliyopasuka bloku. Inaingia, maana ni ukoo mmoja wa injini. Tatizo liko chini: Ferguson haina chesi (fremu ya kubeba injini). Injini ndiyo uti wa mgongo, mbele imebeba ekseli na nyuma imefungwa kwenye giaboksi. Sampu (karai la oili chini ya injini) ya gari ni bati jepesi, haiwezi kubeba mzigo huo. Hamisha sampu nene ya trekta, pamoja na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na klachi yake.

Usiiache gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko ya injini. Chukua kemshafti (shafti inayofungua valvu), gia yake na kava la mbele la injini ya trekta kama seti moja. Bila gavana, jembe likigonga udongo mzito injini inazima, na ukilinyanyua inapaa mizunguko mpaka uharibu pistoni. Trekta hii inafanya kazi kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika.

Ukishafungua silinda hedi, pima laina (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka): zitokeze juu ya bloku milimita 0.08 hadi 0.13. Zikiwa chini ya hapo gasketi haibani, maji yanaingia kwenye oili. Badilisha pia gasketi za chini ya laina, zile zenye umbo la nane.

Kabla ya kuitenganisha trekta, gongomea kabari za mbao pande zote mbili juu ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo inacheza kwenye pini moja ya katikati, na bila kabari upande wa mbele unapinduka ukiwa mikononi mwako.